Tumbo la Sponji

Tumbo la mwezi wa saba nililishona kwa kukisia, na fundi wa makochi hakisii. Ukikisia, kitambaa kinavuta kona hii na kulegea ile, mteja akikaa anakalia upande kama ana jipu. Mimi na mke wangu tulipima kila kitu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Futi. Futi, ile kamba ya kupimia, haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na siku ya harusi yetu aliivua mlangoni baada ya mama yake kumfinya. Nilimpenda hivyohivyo, na futi yake. Tangu nimzike mpaka leo ninalala peke yangu upande mmoja wa kitanda, na nikiona futi ya njano imening'inia kwa fundi mwingine, nageuza uso.

"Geuka nikufunge," nilimwambia asubuhi ile.

Akageuka mbele ya kioo. Nikapitisha mikanda mgongoni, nikakaza, tumbo likakaa mahali pake.

"Limezidi hili," akasema.

"Halijazidi. Mwezi wa saba huo, unataka liwe kitumbua?"

"Mdogo wangu Kadogo mwembamba. Hawezi kuwa na tumbo hivi."

"Kadogo tumempima lini, Futi? Toka dada yangu Matroni aseme alazwe chali asisumbuliwe, nani amemwona?"

Akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Wewe. Unashona tumbo kama kochi la mkurugenzi. Umebakiza kuniwekea mahali pa kuegemeza mikono."

Nikamshika kiunoni, pale sponji ilipoishia na yeye alipoanzia. Akanilalia kifuani, na lile tumbo likawa katikati yetu, gumu, halina hata joto. Alisema kwa sauti ndogo, "Leo nitamsikia. Nikifika tu naweka sikio. Wakinikataza, nawauma."

Nieleze tulikotoka, maana mtu anaweza kudhani tulikuwa vichaa.

Mtoto wetu wa kwanza alikufa siku ya kuzaliwa. Futi alikuwa anavuja damu, mimi niko koridoni nimeshika viatu vyake, muuguzi ananiambia hawawezi kufanya kitu mpaka mkubwa aidhinishe. Mkubwa yuko wapi? Yuko kwenye kikao. Kikao cha nini? Hakuna aliyejua. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba walikuwa wanajadili usafi wa mapazia. Walipomaliza mapazia yao, mtoto ameshakwenda, na ili mama abaki wakamtoa kizazi. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyemuuliza yeye. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakichelewa wao, anayelipa ni wewe.

Baadaye daktari mmoja wa kituo cha uzazi, mtu mpole, alitukalisha.

"Mama huyu mayai anayo," alisema. "Hana nyumba ya kuyalaza tu. Mnaweza kuchukua mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto, mkamlea akawa wenu. Mnaweza kumpata mwanamke wa kuwabebea: yai la mkeo na mbegu yako tunaviunganisha hapa, tunapandikiza kwenye tumbo la huyo mwingine. Yeye anabeba, mtoto ni wenu. Au mnaweza kubaki wawili. Wapo wanaobaki wawili, na wanacheka."

Futi alitaka wa kituoni. Alishamwona mmoja, kichwa kikubwa, anang'ang'ania kidole cha mtu hakiachii. Mama yangu akasema, "Mtoto wa kuokota haingii nyumbani kwangu. Damu haiokotwi." Akanitafutia mke wa pili, na mimi nikakataa kiti alichonipa, nikasimama mpaka akachoka kuongea. Ndipo mdogo wake Futi, tuliyemwita Kadogo, akamwambia dada yake: "Nibebe mimi basi. Tumbo langu lina kazi gani?" Daktari akampima, akasema anafaa.

Mama akakubali kwa masharti, na masharti akayatoa dada yangu. Dada yangu ni matroni wa hospitali, na hata nyumbani tunamwita Matroni. Ni mtu wa kuvaa saa kifuani na kuongea na kila mtu kama ameshalala wodini. Aliyapanga masharti kama anavyopanga zamu. Kadogo ahamie kwa Mama, asionekane nje. Kliniki atampeleka yeye mwenyewe. Na Futi avae tumbo, watu waone mimba ni yake, ukoo usitukanwe.

Basi kila mwezi tulikwenda kwa Mama kupima. Futi alipiga magoti mbele ya mdogo wake, pini mdomoni, akizungusha futi kwenye tumbo la kweli, na mimi nikirudi karakana nakata sponji kwa kipimo kilekile. Yale ya zamani tuliyaacha kwenye stoo ya Mama ili majirani wasiyaone. Lile la mwezi wa tano nililishonea kifungo cha kochi katikati, kiwe kitovu. Futi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Mtoto wangu atazaliwa anauliza nani alimpigilia mama yake."

Tulipoliacha na hilo kwa Mama, ndipo Matroni akasema Kadogo apumzike, tusiende.

Sasa Mama alikuwa ametuita.

Mtaani tulipotoka, muuza mboga wa kona alitupigia kelele kama kawaida yake. "Futi! Unatembea kama bata aliyeshiba! Ukijifungua usinifiche, wa kwanza kumbeba ni mimi!"

"Utambeba mpaka uchoke!" Futi akamjibu, ameshika kiuno nyuma kama walivyo wenye mimba. Sikumfundisha mimi hilo.

Sebuleni kwa Mama makochi ni yetu, tuliyashona mimi na Futi, na plastiki ya dukani haijawahi kutolewa. Ukikaa yanalalamika. Mama alikaa kwenye kiti chake cha peke yake, Matroni kwenye kochi refu, amekunja nne, saa inaning'inia kifuani.

"Karibuni," alisema. "Wifi, naona umenenepa."

"Ndugu yako huyu ndiye ananinenepesha," Futi akatania, lakini macho yake yako kwenye mlango wa chumbani. "Kadogo yuko wapi?"

"Anakuja. Kwanza tuongee."

"Tutaongea, wifi. Niacheni nimwone kwanza."

Mama akakohoa. Matroni akamtazama, kisha akaita, "Wewe! Njoo, na utembee polepole."

Kadogo akatoka. Amejifunga shali zito mpaka kidevuni, na joto lile! Uso umekuwa mdogo. Alikaa ukingoni mwa kochi na hakumtazama dada yake.

Futi hakungoja. Alipiga magoti pale chini kwa lile tumbo lake kubwa, akamkumbatia mdogo wake miguu. "Mama mdogo, hujambo? Anacheza? Anakupiga mateke usiku?"

"Dada..." Kadogo akasema.

"Nimsikie kidogo tu." Akaweka sikio juu ya shali.

"Wifi, hebu inuka," Matroni akasema. "Unamkandamiza."

Futi hakuinuka. Alitulia pale, sikio tumboni, macho yamefumbwa. Nikamwona uso unabadilika taratibu, kama mtu anayesubiri jibu kwenye simu na simu imeshakatwa. Mkono wake ukapanda juu ya tumbo la Kadogo, ukasimama katikati.

"Mume wangu," akasema bila kufumbua macho. "Njoo."

Nikaenda. Akachukua kidole changu akakiweka pale. Chini ya shali, chini ya gauni, nikakigusa. Kifungo cha kochi. Kitovu nilichokipigilia mwenyewe kumchekesha mke wangu.

Wanawake wawili mbele yangu, matumbo mawili, na yote mawili nimeyashona mimi.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

Nilitegemea Matroni ashtuke. Ninyi mngetegemea hivyo pia. Yeye alirekebisha saa yake kifuani.

"Ndiyo maana nilisema tuongee kwanza," akasema. "Hamsikii. Mimba ilitoka. Mwezi wa tano mwishoni. Mambo hayo hutokea."

"Ilitokaje?" Futi akauliza. Bado amepiga magoti.

"Ilitoka, wifi. Unataka nikuchoree?"

"Niliumwa, dada," Kadogo akaanza kulia. "Niliumwa toka asubuhi. Nilimwambia wifi yako anipeleke kwa yule daktari wetu. Akasema hakuna haja, yeye ndiye matroni, anajua maumivu ya kweli na ya kudeka. Akasema akitoka zamu ataniangalia. Alivyotoka zamu..."

"Nyamaza wewe," Matroni akasema. "Nilikwambia nini? Ukifungua mdomo nitasema ulikunywa vidonge vyako mwenyewe, na nani ataaminiwa kati yangu na wewe?"

Alisema hivyo mbele yetu. Hakushusha sauti. Mtu aliyezoea kuaminiwa hana haja ya kushusha sauti.

"Mama, ulijua?" nikamgeukia mama yangu.

"Nilijua. Ungejua wewe ingesaidia nini? Ungekimbilia kuleta vile vitoto vya kituoni."

Futi akafumbua macho. Hakulia. Alimtazama Matroni kutoka pale chini.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Swali gani hilo? Umri ule hauandikwi popote."

"Wa kike, dada," Kadogo akasema. "Nilimwona. Alikuwa na kucha."

Hapo nikasikia plastiki ya kochi ikilia. Ni Mama alikuwa amehamia kochi refu, kando ya binti yake.

"Mmemweka wapi?" Futi akauliza.

"Wifi, hospitali ina taka zake na taka zina utaratibu wake," Matroni akajibu. "Usianze kunitolea machozi. Kwani wewe umepoteza nini? Wewe ulibeba sponji. Sponji yako hiyo hapo, nzima."

Nilisimama. Nataka niseme nilimfanya nini, lakini sikumfanya kitu, kwa sababu Futi alinishika suruali gotini, akanitazama. Nimetazamwa na mke wangu kwa namna nyingi. Alinitazama sokoni siku ya kwanza, akanipima mabega kwa macho akaniambia shati langu limekatwa na mlevi. Alinitazama siku alipozinduka hana kizazi wala mtoto wa kupewa. Hii ya siku ile ilisema: ngoja, nimalize mimi.

"Mlituitia nini leo?" akamuuliza Matroni.

Matroni akaona ameshinda, akalegeza sauti. "Sasa unaongea kama mtu mzima. Sikilizeni. Kule wodini kwangu kuna msichana, mwanafunzi, anajifungua wakati wowote. Hana mbele wala nyuma. Akijifungua namwambia mtoto hakuishi. Nakuletea wewe usiku uleule. Wewe tumbo unalo, mtaa umeliona, huyu Kadogo hapa angeonekana amejifungua, na ninyi wenyewe msingejua. Lakini mmejifanya wajuaji, basi mjue. Mtoto ni mtoto."

"Mama," nikasema, na nilihisi kicheko kibaya kinanipanda. "Damu haiokotwi. Si wewe ulisema?"

"Nilisema watu wasijue kuwa imeokotwa," Mama akajibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Na huyo msichana ameulizwa?" Futi akauliza.

"Wale huwa hawaulizwi."

"Mimi pia sikuulizwa," Futi akasema. "Walinitoa kizazi nikiwa nimelala. Nilipoamka nikauliza mwanangu analia wapi. Mnataka na yeye aamke hivyo?"

"Ataolewa, atazaa wengine. Wewe hutazaa. Hilo ndilo ulitie akilini, wifi. Wewe ni kochi lisilo na kitu ndani. Tunakusaidia kulijaza."

Mtu anaweza kumwambia mwenzake hivyo, akiwa amekunja nne juu ya kochi lililoshonwa na mwenzake huyohuyo. Mishono ya kochi lile yote ilikuwa ya Futi.

Futi akainuka. Akanipa mgongo.

"Nifungue," akasema.

"Futi..."

"Nifungue, mpenzi."

Hakuwahi kuniita hivyo mbele ya watu. Nikashindwa fundo nililolifunga mwenyewe. Alingoja. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho mahali mikanda ilipopita, na nilitamani kuweka midomo pale, mbele yao wote. Nikafungua. Akalitoa tumbo chini ya gauni kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuumia. Kisha akamfungua shali mdogo wake, akamtoa na yeye lile la kifungo.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

Futi akamwekea matumbo yote mawili mapajani. "Wajukuu wako hao, Mama. Wametulia. Hawatakuamsha usiku."

"Mwanamke huyu amechanganyikiwa!"

"Wifi," Matroni akasema, sasa amesimama. "Nisikilize vizuri. Ukivuka mlango huo, yule mtoto nampa mwingine, wanaomba wengi. Na kituo cha watoto usahau. Anayeidhinisha kule ni rafiki yangu, tumesoma wote. Nikimwambia kuna mwanamke alizunguka mtaani miezi saba amefunga mto tumboni, unadhani atampa hata paka? Huna pengine pa kwenda. Mlango uliobaki ni mimi."

Ilikuwa kweli. Ndilo jambo baya la watu wa aina ile, wakikutishia hawadanganyi. Na waliotuamuru tufunge mto ni wao.

Futi alimtaka mtoto, jamani. Usimwone amesimama vile ukadhani hakutaka. Alikuwa na vifulana sanduku zima, alivishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Mkono wake ulikwenda shingoni ukashika futi, ukaizungusha kidoleni, ukaiachia.

"Nilitaka wa kituoni," akasema. "Wa kumchukua mchana, kwa mlango wa mbele, na jina alilokuja nalo. Wa kumwibia mwenzangu aliyelala, sitaki. Kadogo, vaa viatu."

"Utawaambia nini watu?" Mama akapiga kelele nyuma yetu. "Umetoka na tumbo, unarudi bapa mchana kweupe! Utawaambia nini?"

Mlangoni nikageuka. Mama yangu alikuwa bado ameyashika yale matumbo mapajani, mkono mmoja juu ya kila moja. Hakujua ayaweke wapi.

Tulirudi kwa miguu. Futi katikati, mimi kushoto, Kadogo kulia, amemshika dada yake mkono kama walipokuwa wadogo. Gauni la Futi nililikata kwa ajili ya tumbo kubwa. Sasa lilimning'inia mbele, limejaa upepo. Watu walitutazama. Fundi wa viatu aliacha nyundo hewani. Nikamwambia Futi tupite njia ya nyuma.

"Nimepita njia ya nyuma miezi saba," akasema.

Na pale kona, muuza mboga akatuona. Akamtazama Futi juu mpaka chini, akatupa fungu la mboga alilokuwa analifunga, akaja mbio anapiga vigelegele, mikono imenyooshwa mbele tayari kwa kubeba.

"Futi! Umejifungua! Mbona hamkuniambia? Jamani, hongera! Hongera, mama! Wa kike au wa kiume?"

Nikafungua mdomo nimfukuze. Futi akanibana mkono.

"Wa kike," akasema.

"Wa kike! Mungu mkubwa! Mzuri?"

"Mzuri. Ana kucha."

Mwanamke yule akacheka, akachungulia nyuma yetu, akamwangalia Kadogo mikononi, akaniangalia mimi mikononi, wote watupu. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado imenyooka.

"Sasa yuko wapi? Mbona simwoni?"

Futi akaiweka sawa futi yake shingoni, ncha mbili zikalingana.

"Yuko kwa shangazi yake," akasema. "Amemlaza."